Uzoefu wangu: fundi aliyetaka pikipiki ilale kwake kwanza

Nina Honda CG125 ya zamani, ile ya kabureta (chombo kinachochanganya petroli na hewa) na kiki, haina sitata. Niko nayo Njombe, na sina malalamiko nayo isipokuwa asubuhi za kuanzia Juni hadi Agosti. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi hiyo alfajiri nyuzi joto hushuka chini ya 10. Basi pikipiki ilikuwa haiwaki. Unavuta choki (ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi), unapiga kiki mpaka unavua koti, wapi! Ukiisukuma kwenye mteremko inakohoa, inashika, na ikishapata moto imetoka hiyo: mchana kutwa ni kiki moja tu. Hapa nataka kusema habari za huduma ya fundi aliyemaliza tatizo hilo, hasa namna alivyolitafuta, maana hicho ndicho nilichomlipia.

Kabla yake nilipita gereji nyingine ambayo sitaitaja. Pale kila ukienda unarudi na spea mpya: leo plagi, kesho eya klina, keshokutwa koili. Nilikuwa nafika pale saa nne, injini imeshachemka njiani, kijana anapiga kiki moja inanguruma, ananiangalia kana kwamba nimekuja kumchezea. Mwisho wakasema ringi za pistoni zimekwisha na mgandamizo unavuja, tufungue bloku. Nikalipa nilichodaiwa nikaondoka.

Huyu mwingine ni mzee, anafanyia kazi chini ya mikaratusi pembezoni mwa mji. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Iache ilale hapa. Mimi siitazami ikiwa na moto." Nikamwambia, mzee, kesho nina safari ya kazi mapema. "Basi utapanda gari, mwanangu." Nilikereka kidogo, lakini hoja yake haina jibu. Tatizo linalotokea injini ikiwa baridi huwezi kuliona ikiwa imechemka. Kwa kauli hiyo peke yake alikuwa ameshawapita wale wa mwanzo.

Kulipopambazuka nikamkuta hajaigusa, umande bado uko kwenye tangi. Akavuta choki, akapiga kiki kadhaa, kisha akafungua plagi na kuitazama. Ilikuwa kavu kabisa. Akaniambia hapo ndipo njia inapogawanyika: plagi ikitoka imelowa mafuta, kosa litafute kwenye moto wa plagi, yaani cheche, au mafuta yamezidi, ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Hata hivyo hakuruka hatua. Aliibana plagi kwenye waya wake, chuma chake kikigusa injini, mbali na tundu ilikotoka, akapiga kiki, cheche ikaruka ya buluu, safi. Akapima na nafasi ya plagi, nayo ilikuwa ndani ya milimita 0.6 hadi 0.7 inayotakiwa. Kumbe hata koili niliyouziwa haikuwa na sababu.

Kisha akadondosha matone machache ya petroli kwenye tundu la plagi, akaifunga, kiki moja. Ikawaka sekunde mbili, ikazima. Nilifurahi, yeye akacheka. Maana yake, alisema, moto upo na mgandamizo angalau upo. Inachokosa ni chakula.

Jirani yake aliyekuwa amesimama pale akadakia kwamba hizi pikipiki zikiletwa huku juu husumbua kwa sababu ya mwinuko. Mzee akamkatalia. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa pwani huku hupeleka mafuta mengi kupita kiasi cha hewa iliyopo, siyo machache. Mwinuko ungeleta plagi nyeusi yenye masizi, usingeleta plagi kavu. Nilipenda sana jibu hilo, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimelibeba neno hilo la mwinuko kwa muda mrefu.

Akafungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na kukinga mafuta kwenye kopo la glasi. Chini ya kopo kulikuwa na matone ya maji na vumbi la kutu. Aliposhusha kabureta yenyewe, ile jeti ndogo ya sailensi, ukiinyanyua kuelekea mwanga, tundu lake huoni kitu. Hii ndiyo inayolisha injini wakati hujavuta resi. Injini ikiwa na moto, kile kidogo kinachopenya kinageuka mvuke upesi na kinatosha, na ukishavuta resi jeti kubwa inashika kazi. Ikiwa baridi, mafuta mengi hubaki matone kwenye kuta za njia, hayageuki mvuke, ndiyo maana inahitaji kupewa mengi zaidi. Sasa kama hata yale ya kawaida hayapiti, utapiga kiki hadi saa sita.

Cha pili kilinishangaza zaidi. Kibati cha choki ndani ya mdomo wa kabureta kilikuwa kimelegea kwenye ekseli yake. Mkono wa nje unapanda wote, unaamini umefunga, kumbe ndani kibati kimebaki nusu wazi na hewa inapita. Tangu ninunue pikipiki hii huenda sijawahi kuwa na choki kamili.

Kwa kuwa injini ilikuwa bado baridi, akasema tumalizie na tapeti, yaani nafasi za vavu (milango ya injini), maana nazo husetiwa injini ikiwa baridi. Akazungusha injini hadi alama ya T, akahakikisha pistoni iko juu kwenye mgandamizo, akaingiza fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kwenye CG ni milimita 0.08 kwa vavu zote mbili. Ya kuingiza ilikuwa sawa, ya eksozi geji haikupita kabisa. Vavu ikibanwa hivyo hubaki imeachama kidogo, na kwa mwendo wa polepole wa kiki mgandamizo unavuja. Injini ikishaenda kasi huoni tofauti kubwa. Kwa hiyo wale wa ringi walihisi kitu cha kweli, ila walitaka kuvunja nyumba kwa sababu ya mlango.

Aliporekebisha hayo yote, skrubu ya hewa na sailensi hakuvigusa hadi pikipiki ilipowaka na kupata moto vizuri. Baada ya hapo akaniambia niende.

Sasa asubuhi navuta choki, mara nyingi kiki ya pili inawaka, naiacha kidogo kisha narudisha choki taratibu. Ada ya ufundi ilikuwa shilingi 20,000, na hakuna spea hata moja iliyonunuliwa. Kwenye ile gereji ya kwanza nilishaacha zaidi ya 100,000.

Kasoro zipo. Hana risiti, simu hapokei, na mvua ikinyesha kazi inasimama kwa sababu hana paa. Usipokuwepo mwenyewe asubuhi hiyo hatakupigia wala kukueleza alichokuta. Mimi nilijua haya yote kwa sababu nilisimama pale nikiuliza. Kwa mtu wa bodaboda anayepeleka hesabu kila siku, kulaza pikipiki ni hasara, na mzee habadilishi msimamo kwa hilo. Pikipiki zisizo na kabureta hazipokei, anakuambia wazi upeleke kwingine.

Tangi aliliosha kwa kulisukasuka na petroli, lakini kutu ya ndani bado ipo. Alinishauri nifunge filta ndogo kwenye mpira wa mafuta, nimeifunga. Mpira wa koki umechoka na unadondosha; saizi yake haikupatikana dukani wiki ile, kwa hiyo kwa sasa nafunga koki kila usiku na namsubiri mwenye duka.