Krosi za GMB zenye nipo kwenye propela ya Hilux: uzoefu wangu

Hilux yangu ilikuwa inagonga kila nikitoka rivasi kwenda gia ya mbele, na kwenye lami ikifika kilomita 80 kwa saa sakafu inatetemeka. Fundi alilala chini, akaishika propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma), karibu na difu na kuitikisa. Krosi ya nyuma, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachounganisha propela na difu, ilikuwa inacheza. Krosi ikishacheza haina matengenezo, ni kubadilisha tu.

Dukani zilikuwepo za aina mbili, zilizozibwa kabisa na zenye nipo, kichuchu cha kupampia grisi. Nilichukua zenye nipo, chapa ya GMB. Njia zangu ni vumbi kiangazi na vijito masika, na maji yakiingia kwenye krosi iliyozibwa hakuna pa kuyatolea. Yenye nipo unasukuma grisi mpya, ile chafu inatoka.

Ubora wa vifaa nimeuridhia: vikombe vinavyofunika ncha nne za krosi viliingia kwa kubana vizuri na klipu za kuvishikilia zilikuwemo ndani ya boksi. Lakini krosi nzuri inauawa siku ya kufungwa, kwa hiyo simama hapo uangalie. Kabla ya kufungua bolti, flenji (sahani za kufungia bolti) ya propela na ya difu ziwekewe alama ya rangi ili zirudi zilivyokuwa. Vikombe visukumwe kwa jiliwa (vaisi), si kwa nyundo. Ndani ya kila kikombe kuna sindano nyembamba za beringi zilizoshikiliwa na grisi tu. Moja ikianguka na kulala chini, kikombe hakifiki mwisho na klipu haikai kwenye mfereji wake. Fundi akitaka kuilazimisha kwa kugonga, mkatalie. Atoe kikombe, apange sindano upya. Ikishafungwa, ichezeshe kwa mkono pande zote mbili: iende laini, isikwame popote, na isiwe na mchezo.

Grisi tuliyotumia ni ya lithiamu, namba 2. Pampu mpaka uone grisi mpya ikichungulia kwenye sili (mipira ya kuziba) zote nne. Kwangu sili moja ilibaki kavu; tukaizungusha propela kidogo, tukapampu tena, ikatoka. Nipo ya pale propela inapoteleza kurefuka na kufupika ni kisa kingine, hiyo ipe kidogo tu. Ukiijaza, propela inashindwa kufupika gari likiruka shimo, na mzigo unaangukia beringi za gia boksi na difu.

Kasoro niliyoiona ni nipo kujificha. Mdomo wa kawaida wa pampu haufiki, nikalazimika kununua mpira wa kupinda. Bei nayo iko juu kuliko za mtaani, ila kugonga kumeisha na mtetemo umeondoka kabisa.

Mtu asiyepaka grisi gari lake achukue iliyozibwa, maana nipo isiyoguswa haimsaidii. Mimi napampu kila ninapomwaga oili, na nikivuka maji yaliyofika kwenye difu sisubiri oili.