Vocha za Soko la Wakulima kwa Wazee: Huduma Njema, Kiasi Kidogo

Mpango wa Wizara ya Kilimo ya Marekani unaowapa wazee wenye kipato kidogo vocha za kununulia mazao mabichi moja kwa moja kwa wakulima wa eneo lao, ambao sheria ya kilimo ya mwaka 2002 iliufanya kuwa wa kudumu, ni huduma ninayoithamini kwa dhati, kwani mama yangu hunufaika nayo kila majira ya joto. Huombwa na mtu aliyetimiza miaka 60 ambaye kipato chake hakizidi asilimia 185 ya kiwango rasmi cha umaskini. Vocha hununua matunda, mboga na asali, lakini si matunda makavu wala karanga.

Kilichonigusa zaidi ni elimu ya lishe inayoambatana nazo. Mhudumu alimfafanulia mama, ambaye ana shinikizo la damu, namna ya kukoleza mboga kwa ndimu na kitunguu saumu badala ya chumvi nyingi. Mkulima naye, baada ya kuulizwa, alimletea majani ya maboga, mboga ambayo mama alikuwa hajaipika tangu tuhame, na siku hiyo alikula akashiba.

Upungufu upo. Dola 20 hadi 50 kwa msimu mzima huisha upesi mno, na katika soko tunalokwenda wazee hupanga foleni juani bila hata benchi moja la kukalia.