Kiti cha nusu kilo cha kubeba mgongoni: Helinox Chair Zero, na zile kopi zake

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Helinox Chair Zero ikiwa mpya huko Marekani inacheza kwenye dola 150 hivi, ukiweka na gharama za kuisafirisha unakuta umevuka laki nne, hela ambayo hapa kwetu unanunua viti vya plastiki vya sebule nzima na meza juu. Changu nimekitoa Memorial pale Moshi, kwenye mitumba, kimekaa katikati ya mabegi na masweta ya kupandia mlima, dogo anayeuza ananiambia "kaka hicho mzungu kashuka nacho Kibo juzi tu, angalia hata vumbi bado". Vumbi lilikuwa la Memorial lakini sawa. Akaanza na 80,000, tukavutana weee, nikakiondoa kwa 55,000 na akanitupia kamba ya viatu kama nyongeza.

Kwa wasiokijua, ni kile kiti cha chini chini chenye vibomba vya alumini vilivyounganishwa kwa lastiki ndani, ukivitoa kwenye mfuko wake ukavitikisa kidogo vinajipanga vyenyewe, halafu unavalisha kitambaa kwenye ncha nne. Helinox ni Wakorea, wana undugu na DAC, wale wale wanaotengeneza fito za mahema ya makampuni mengi makubwa, kwahiyo kwenye mambo ya vibomba hawabahatishi. Kiti kizima kina uzito wa nusu kilo hivi, kimefungwa kina urefu wa sentimita 35, kinaingia pembeni ya begi pale unapoweka chupa ya maji. Na wanasema kinabeba mpaka kilo 120, mi nina 90 na ushee na kinanibeba bila kelele.

Sasa raha yake. Kitambaa kinakushika kuanzia chini ya mapaja mpaka karibu na mabega, mgongo unapumzika kabisa, na hapo ndo tofauti kubwa na jiwe au gogo, kwasababu baada ya kutembea siku nzima na begi kinachouma sio makalio, ni kiuno, kiuno kinataka kitu cha kuegemea. Hiki kinaegemewa. Ila kipo chini jamani, kama sentimita 28 kutoka ardhini, magoti yanakuja juu, ukiwa mrefu kidogo unajikuta umejikunja na shingo haina pa kuweka, na kusimama ndo kazi, unatakiwa usogee mbele kwanza, uweke mikono magotini halafu unyanyuke, ukijaribu kunyanyuka moja kwa moja kinakufuata nyuma. Mtu mzima mwenye magoti mabovu simshauri kabisa, huyo atafute Chair One ya hao hao Helinox, hiyo ina kilo moja hivi, inabeba mpaka 145, iko juu kidogo na miguu yake imetanuka zaidi kwahiyo haiyumbi sana. Rafiki yangu anayo na kiukweli kwa kukaa tu, ukiondoa habari za uzito, yake ni tamu kuliko yangu. Tofauti ni nusu kilo, na nusu kilo ukiwa unapanda kutoka Rangwi kwenda Mtae, kule milima ya Usambara, unaisikia, usidanganywe na mtu anayekwambia "nusu kilo si kitu" huku begi lake limebebwa na punda.

Kitu ambacho kwenye matangazo hawakuonyeshi vizuri ni ardhi. Picha zote wamekaa juu ya mwamba au majani makavu. Njoo nacho Usambara asubuhi kumetoka kunyesha, ule udongo mwekundu umelowa, unakaa, unasikia mguu mmoja wa nyuma unazama taratibuuu na chai yako mkononi. Ncha za miguu ni ndogo, na uzito wako wote umegawanywa kwenye vidude vinne tu, kwahiyo kwenye matope, mchanga wa kule Natron, au bustani ya mtu iliyolimwa, lazima uzame. Wenyewe wanauza kitambaa maalumu cha kufunga chini ya miguu yote minne na kuna mipira ya kuvalisha, vyote hela. Mi nimechukua ndala iliyokufa, nikakata vipande vinne vya duara saizi ya kifuniko cha chupa ya maji ya lita kumi na mbili, kila kimoja nikakichimba shimo katikati lisilotokea upande wa pili, mguu unaingia humo. Havina uzito wa maana na tangu niweke mambo ya kuzama yamepungua sana, kwenye mchanga laini bado kinakaa upande lakini hakikumwagi. Chagua ndala ngumu za zamani, hizi laini za kisasa mguu unatoboa unatokea upande wa pili.

Upepo nao. Kiti chepesi hivi ukisimama tu kwenda kuangalia sufuria unakuta kinaelekea kwa jirani. Mtae pale ukingoni, upepo unaopanda kutoka upande wa Mkomazi haujali ulinunua bei gani. Ukiinuka kigeuze miguu juu au weka jiwe kwenye kitambaa, na usikiache karibu na moto, kitambaa ni chembamba, cheche moja tu una tundu, na tundu kwenye kitambaa kilichovutwa pande nne halibaki dogo. Na baridi inapita kwa chini, mwezi wa saba kule juu usipotandika sweta au lile jaketi la manyoya utaona mgongo umepoa wakati mbele unaungua na moto.

Haya, kopi. Kariakoo zipo, mitandaoni zipo, 45,000, 60,000, hata 35,000 nimeona, umbo ni lile lile na rangi nzuri kushinda hata orijino. Nilinunua moja kabla ya hiki, jina la duka nalihifadhi. Kwanza uzito, muuzaji anasema nusu kilo, nikaiweka kwenye mizani ya mama wa nyanya hapo nje ikasoma kilo na robo. Hilo ningevumilia. Kilichonishinda ni zile plastiki za katikati ambapo vibomba vinaingia, nyumbani sebuleni ilikaa vizuri tu, kambini usiku wa kwanza ikaanza kutoa mlio kama mtu anavunja karanga na asubuhi yake ikapasuka nikiwa juu. Muuzaji kumpigia simu, ananiambia "kaka kwani ulikaaje?" Nilikaaje! Sio kopi zote ni mbaya, kuna jamaa ana ya kwake ya mwaka wa ngapi sijui bado inadunda, ila anaitumia beach na kwenye gari, na kwa kazi hiyo mi naona hata kopi inatosha, ikipasuka uko na gari unaondoka. Mlimani ikipasuka unabeba kilo na robo ya takataka mpaka nyumbani.

Kwahiyo ushauri wangu, kati ya kopi mpya ya 60,000 na orijino ya mtumba ya bei hiyo hiyo, chukua ya mtumba, ila ikague vizuri usione haya. Kishike kitambaa kwenye zile pembe nne ambako ncha za vibomba zinaingia, geuza ndani nje, angalia nyuzi, hapo ndo panapochanika kwanza. Angalia plastiki za katikati, ukiona kamstari keupe kama plastiki iliyokunjwa ujue ufa unakuja. Vitikise vibomba, kama vinaning'inia havijirudishi ndani vyenyewe basi lastiki imechoka, hiyo sio mbaya sana, fundi anabadilisha kwa hela ndogo, ila ipunguze kwenye bei. Halafu kikalie hapo hapo. Muuzaji akisema "usikalie kitachafuka" ondoka. Kikalie hata dakika tano, jiegeme kabisa, yumba kulia na kushoto, jaribu kusimama, mapaja yako yanakwambia kama ule ukingo wa mbele unayakata au la, maana mtu mfupi na mtu mrefu hawakai sawa kwenye hivi viti.

Kuna watu hawakihitaji kabisa. Kama unapanda Kilimanjaro na kampuni, viti vipo kwenye mesi tenti, lile hema la kulia chakula, wagumu (wapagazi) wanavibeba, mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na unapimwa, usiongeze na chako. Meru pia, Miriakamba na Saddle kuna mabanda na mabenchi. Na kama safari yako ni ya kutembea alfajiri mpaka giza, unafika unakula unalala, nunua kile kipande cha foam cha kukalia, Therm-a-Rest wana Z Seat ya gramu 60, au kata lile godoro la foam la zamani, unapata kikalio kinachozuia baridi na unyevu. Hakina pa kuegemea lakini wewe huegemei, unalala. Kiti ni cha yule anayefika kambini saa nane au tisa mchana, mzigo kajibebea mwenyewe, na jioni ndefu iko mbele yake, kahawa, stori, kuangalia mawingu yakipanda. Huyo nusu kilo inamlipa.

Ah, na kukiunganisha, wengi wanalalamika ule upande wa mwisho wa kitambaa hauingii. Anza na ncha mbili za juu za mgongoni, halafu za chini, kiti kikiwa kimelala kifudifudi na goti lako limekandamiza vibomba, vuta kitambaa kwa vidole viwili sio kwa kucha. Kikiwa kipya kinabana, kikitumika kinalainika. Ila usikiache kimesimamishwa kwenye jua mchana kutwa, jua letu linakula hivi vitambaa taratibu na utakuja kujua siku umebeba sahani ya wali.