Rangi ya Kuchanganyiwa Grogan kwenye Bodi ya Datsun Ndogo

Duka ninalolizungumzia liko Barabara ya Kirinyaga, pale ambapo wengi wetu Nairobi bado tunapaita Grogan, na kazi yake ni kuchanganya rangi za magari na kuzijaza kwenye makopo ya kupulizia. Nilifika na bodi ya plastiki ya gari dogo la kuunganisha, Datsun 240Z ya kampuni ya Hasegawa ya Japani, kipimo cha 1/24 (mara 24 ndogo kuliko gari halisi), mfano wa gari jekundu lenye boneti nyeusi ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally mwaka 1971. “Mkubwa, gari lenyewe umeliegesha wapi?” kijana wa kaunta aliniuliza, na nilipolitoa mfukoni duka zima likacheka. Hata hivyo alichanganya kwa makini, akipaka tone kwenye kadi, akilikausha na kulilinganisha na picha yangu, hadi wekundu ukakubali. Kwa upande wa rangi yenyewe sina lawama hata kidogo.

Lawama yangu ni ushauri. Niliambiwa kwamba praima, yaani rangi ya msingi, haina haja, jambo ambalo huenda ni kweli kwa mlango uliokwisha kupakwa rangi kiwandani, lakini thina kali ya rangi za magari huyeyusha polistaireni, plastiki ya magari madogo kama langu. Bahati nzuri nilijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki cha kutupa: baada ya dakika chache kilijikunja usoni kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Kwa hiyo niliiosha bodi kwa sabuni, nikaipulizia praima laini ya Tamiya, kampuni ya vifaa vya magari madogo, mara mbili, nyembamba, na ilipokauka nikaipitisha msasa wa maji namba 1000. Kopo la duka nililiweka kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kamwe si karibu na jiko, kwa sababu rangi yenye joto kidogo hutoka kwa matone madogo zaidi. Nozeli yao imekusudiwa milango na bampa, nayo humwaga rangi nyingi mno. Ilinibidi nisimame umbali wa sentimita 25 hivi, nianze kubonyeza kabla ya kuifikia bodi na niachie baada ya kuipita. Ukiwa mbali zaidi, matone hukauka hewani na uso hutoka wenye vinyweleo kama ganda la chungwa. Ukikaribia, rangi huchuruzika na kuziba mistari ya milango. Unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao kwenye gari halisi hakuna anayeuona, kwa kipimo hiki ni sawa na rangi ya zaidi ya milimita mbili.

Niliiacha ikauke wiki mbili, nikaisugua kwa msasa wa maji namba 2000 na kuing’arisha. Sasa taa ya dari huonekana juu ya paa lake bila kutetemeka. Klia yao, rangi angavu ya juu ya kuchanganya na hadina (kemikali ya kuigandisha), sikuinunua, kwani ina isosayanati, kemikali zinazodhuru mapafu, nami hupulizia kwenye roshani ya nyumba ya kupanga, karibu na nguo za majirani. Rangi zenye chembe za metali pia singezipendekeza, maana chembe zinazopendeza kwenye gari kubwa huonekana kama mchanga kwenye gari la kiganjani.

Nitarudi kuchukua nyeusi ya boneti mvua za masika zikiisha, kwa kuwa hewa yenye unyevu huacha ukungu mweupe juu ya rangi. Praima nitajinunulia mwenyewe.