Mafunzo ya moto kwenye ploti yetu Kaptembwo: nyota tatu na nusu

Mimi ni keateka wa ploti ya vyumba 14 hapa Kaptembwo, Nakuru, na alfajiri nakaanga mandazi kwenye kibanda mdomoni mwa kichochoro chetu. Kikundi cha kufundisha usalama wa moto kilipopita kikitaka shilingi 150 kwa kila chumba, niliwaambia hiyo ni pakiti ya unga. Landilodi akakubali kulipa nusu, wapangaji nusu, na Jumamosi moja wakaja watu wanne.

Kilichonifurahisha ni kwamba hawakutupanga kwenye viti watuhutubie. Waliingia chumba kwa chumba, wakaanzia kwangu. Kijana mmoja alikoroga sabuni kwenye kikombe, akapaka povu kwenye regyuleta ya meko ya gesi na kwenye mpira. Pale nilipokuwa nimekazia kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, mapovu yakafura kama mate ya mtoto mchanga. Miezi mitatu nasikia harufu, miezi mitatu nalaumu choo! Kumbe gesi yenyewe haina harufu, ile huongezwa makusudi ili pua itushtue. Tena ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, palepale ninapotandikia watoto godoro. Ukiinusa, usiguse swichi ya stima, si kuwasha si kuzima. Funga mtungi, fungua mlango, toeni watu. Mpira mpya niliununua kabla ya jua kutua.

Kisha wakatutoa uwanjani. Walichemsha mafuta kidogo sana kwenye sufuria kuukuu mpaka yakashika moto yenyewe, halafu mmoja, amesimama mbali, ameshika kikombe kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, akamimina maji. Sijawahi kuona kitu kama kile. Moto uliruka juu ya kichwa cha mtu. Maji huzama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja na kuyarusha mafuta yanayowaka kila upande. Miaka tisa nimekaanga mandazi na ndoo ya maji pembeni, nikijiona mwerevu. Dawa ni kuzima jiko na kufunika sufuria kwa mfuniko au sinia, kisha uache ipoe bila kuchungulia. Ukitumia gunia bichi, likamue kwanza mpaka lisidondoke tone. Na ukiungua, maji ya baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno na unga viache jikoni. Tukacheka, dakika 20 za bomba lipi? Wakasema basi chota kwa kikombe, mwagia polepole. Jibu la mtu anayejua ploti.

Jirani yetu Mrundi anayeuza njugu alikuwa akiingiza jiko lake ndani usiku, na baridi ya Julai ya huku mnaijua. Alidhani makaa yakishaiva bila moshi hayana neno. Waliketi naye muda mrefu, wakamweleza kwamba ile hewa ya sumu haionekani wala hainuki, na aliyelala haamki kuikimbia. Siku hizi jiko linalala nje, amelifunika kwa karai.

Kijana wa boda alibishana zaidi. Ana lita mbili za petroli kwenye chupa ya soda chini ya kitanda. Hawakumkaripia. Mmoja alitaja tu Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka kwenye barabara hii yetu ya kwenda Eldoret, watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya 100 wakafa. Ploti ikanyamaza. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Chupa ilitoka.

Lakini aliyenikuna ni binti aliyemhudumia Shosho wa chumba cha 6, ambaye anaongea Kikuyu tu na bado anawasha koroboi. Binti alikaa kitandani, akamuuliza kwa Kikuyu enzi zao moto walizima vipi. Shosho akafundisha kuhusu mchanga na matawi mabichi kwa nusu saa! Mwisho wakakubaliana koroboi isimame ndani ya karai lenye mchanga, mbali na pazia. Mimi nimemwambia hivyo miaka minne, hasikii.

Sasa lawama. Karatasi walizogawa zilikuwa za Kiingereza, kurasa nane, zina picha ya nyumba ya ghorofa yenye ngazi ya dharura. Hapa ni mabati. Ya Shosho imefungia ugoro.

La pili ndilo lililonikera. Waliagiza kwamba moto ukitokea tupige filimbi na sufuria. Fundi wetu wa cherehani, ambaye ni kiziwi, akaandika kwenye simu yake, "Na mimi je?" akawaonyesha. Wakatazamana. Hawakuja na mkalimani wa ishara wala hawakuwa wamefikiria. Waliahidi kurudi baada ya wiki moja, na leo ni ya saba. Tulijitengenezea wenyewe: kamba imepita kwenye tundu la mabati kutoka chumba cha jirani mpaka mguu wa kitanda chake, akivuta jirani, kitanda kinatikisika. Tumejaribu mara mbili usiku, aliamka zote mbili, ya pili akitutukana kwa mikono.

Nambari walizotuachia ni 999 na 112, pamoja na ushauri kwamba kwa kuwa kichochoro hakina jina, mtu mmoja akasimame lami aelekeze gari la faya. Funguo ya pili ya geti sasa iko kwa fundi.

Kabla hawajaondoka, mkubwa wao alipima kichochoro kwa hatua, kutoka lami kuja ndani, akaja akasimama mbele ya kibanda changu. Akakitazama, akanitazama, hakusema kitu. Jumatatu nilikisogeza hatua sita. Wateja wa asubuhi bado wanasimama pale pa zamani wakiniita.