Ununue nini kwa gemu za michezo za kwenye kivinjari? Anza na kipanya

QWOP, gemu aliyoitengeneza Bennett Foddy mwaka 2008, ina mkimbiaji mmoja, mita 100 na vitufe vinne. Q na W huendesha mapaja, O na P huendesha miguu chini ya goti. Wengi huanguka hatua ya kwanza tu, kisha wanaanza tena bila hata kupumzika. HaxBall, ya mwaka 2010, ni kandanda ambayo wachezaji wake ni miduara mitupu, lakini pasi ikipenya katikati ya mabeki wawili unaruka kwenye kiti kama uko uwanjani.

Utamu wa gemu hizi uko kwenye kidole kinachobonyeza kwa wakati wake. Picha ni chache na sheria unazielewa papo hapo, kwa hiyo kosa likitokea unajua ni lako, na unataka kulirekebisha. Ndiyo maana nashauri pesa ziende kwenye kile ambacho mkono unakigusa. Nimevipanga kuanzia chenye faida kubwa zaidi.

1. Kipanya cha kawaida chenye waya

Kwa mwenye laptopu, hakuna kitu kinachobadilisha mchezo haraka kama hiki. Gofu, pool, upinde na Retro Bowl (gemu ya futiboli ya Kimarekani) vyote vinategemea kubonyeza, kuvuta na kuachia. Kwenye padi ya laptopu kidole hufika ukingoni kabla hujamaliza kuvuta, na laptopu nyingi huizima padi kwa muda unapobonyeza kibodi ili kiganja kisiivuruge.

Usilipie kasi usiyoihitaji. Kipanya cha kawaida cha USB hutuma taarifa mara 125 kwa sekunde, ilhali skrini nyingi hubadilisha picha mara 60 tu. Angalia zaidi kama kinakukaa mkononi na kama kitufe chake cha kushoto kinabonyezeka kwa uhakika, kwa sababu hicho ndicho kitakachochoka kwanza.

2. Kibodi ya nje

Hapa nenda taratibu, maana kasoro yenyewe haionekani kwa macho. Kibodi nyingi za bei nafuu zina vitufe vinavyotumia njia moja ya umeme, hivyo ukibonyeza vitatu kwa pamoja kimoja kinaweza kupotea. Mchanganyiko unaosumbua sana ni mshale wa juu, mshale wa kushoto na kitufe cha nafasi. Katika gemu ya mpira maana yake ni kwamba unakimbia kimshazari, unapiga shuti, na shuti halitoki. Utajilaumu bure kumbe tatizo ni kibodi.

Ijaribu kabla ya kulipa. Fungua ukurasa wowote wa kuandikia, bonyeza Q, W, O na P kwa pamoja, uone kama herufi zote nne zinatokea. Kama mtacheza wawili kwenye kibodi moja, ambayo kwangu ndiyo raha kuu ya gemu hizi, mmoja ashikilie A na W huku mwingine akibonyeza I na L. Herufi ikikosekana, irudishe rafuni. Taa za rangi hazihusiani na jambo hili hata kidogo.

3. Kuilipia gemu yenyewe

Wengi hawaufikirii ununuzi huu, nami nauweka mbele ya pedi, yaani kidhibiti cha gemu cha kushika kwa mikono miwili. Hattrick, gemu ya kusimamia timu ya soka iliyoanza Sweden mwaka 1997, huchezwa bure, na anayelipia hapati faida yoyote uwanjani. Basketball GM, ya kusimamia timu ya mpira wa kikapu, nayo ni bure, ukilipa unaondoa matangazo. Malipo ya aina hii ndiyo yanayowawezesha watengenezaji kuendelea.

Ila fahamu kwamba Basketball GM huhifadhi ligi yako ndani ya kivinjari chako mwenyewe. Ukifuta data za tovuti, misimu yote imekwenda. Hamisha nakala kwenye faili kila mara.

4. Pedi

Pedi ni nzuri mkononi, lakini gemu nyingi za aina hii ziliandikwa kwa kibodi na kipanya, na hazitaitambua. Hakikisha kwanza kwamba gemu unazozipenda zinaikubali. Ukiichomeka na isionekane, bonyeza kitufe chochote cha pedi ukurasa ukiwa wazi; vivinjari huificha hadi utakapofanya hivyo. Na kwa kuwa utamu uko kwenye kubonyeza kwa wakati wake, chukua ya waya, isichelewe kufikisha mbonyezo.

5. Kompyuta mpya ya gemu

Acha. Kama kompyuta yako inafungua video bila kukwama, inatosha. Gemu ikisuasua, funga kurasa nyingine na usasishe kivinjari kwanza. Na tovuti ikikutaka usakinishe Flash Player, programu ya zamani ya kuchezesha gemu kwenye kivinjari, ndipo ucheze, ondoka: kampuni yake, Adobe, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na gemu nyingi za zamani zilizobaki leo zinachezeka bila kusakinisha chochote.