Mkono mfupi wa gia kwenye Forester: uzoefu wangu

Forester yangu ni ya 2004, ina turbo na giaboksi ya gia tano za mkono. Dar ukiipata ya namna hii unaing'ang'ania, maana nyingi tunazopishana nazo barabarani ni otomatiki. Injini haina neno. Kero ilikuwa gia: kutoka ya pili kwenda ya tatu mkono unasafiri hadi karibu na redio, na hata gia ikishaingia bado unachezacheza, huwezi kujua kwa kuushika tu kama uko kwenye gia au uko fri. Nikaagiza mkono mfupi.

Kuna mafundi watakaokwambia wakukatie ule wa zamani juu wachomelee uzi mpya wa kirungu, kile kichwa unachoshika. Kweli safari ya mkono itapungua, ila kirungu nacho kitashuka chini, uanze kukiinamia. Huu wa kununua umebadilishwa palipo na egemeo, yaani pale mkono unapochezea. Sehemu ya chini ya egemeo, inayosukuma fimbo ya kwenda kwenye giaboksi, imerefushwa, hivyo mkono ukisogea kidogo tu fimbo inamaliza safari yake yote. Giaboksi yenyewe haijaguswa, inataka msukumo uleule. Unachookoa kwenye umbali unakilipa kwa nguvu ya mkono, na hilo halikwepeki.

Fundi wangu wa Ilala aliupokea, akaugeuzageuza, akaingia chini ya gari. "Kaka, kabla sijakufungia hii, shika hapa utikise." Nikatikisa. Bushi, yaani kile kikombe kinachozuia mchezo, ya pale fimbo inapoungana na giaboksi ilikuwa imekwisha, na ile ya nyuma inayoshikilia sapoti ya mkono ilikuwa imepasuka. Nikamwambia aanze na bushi, mkono wa zamani aurudishe, nione kwanza. Nililipa ufundi mara mbili, lakini sasa naweza kusema kipi kilileta nini.

Bushi ndizo zilizofanya kazi kubwa. Mkono uliacha kuyumba, gia ya tatu ikawa na mahali pake panapojulikana, na gari likaonekana limepunguza umri. Bei yake haikufika hata robo ya bei ya mkono mfupi. Kama gari lako lina umri kama wa langu na bushi hazijawahi kubadilishwa, anza hapo, huenda usitake kingine.

Mkono wenyewe niliufunga baadaye. Kwa juu unatoa kirungu, ngozi na konso; kwa chini unashusha kipande cha ekzosi na bati la kuzuia joto ndipo ufikie bolti ya fimbo. Hapo ndipo muda ulipokwenda. Gari la pwani bolti za ekzosi zimekula chumvi, moja ilikatika. Nunua mpya kabla ya kwenda gereji.

Utamu wake niliuona mlima Kitonga, njia ya Iringa. Pale unapanda nyuma ya lori lililojaa, nafasi inatokea kidogo kabla ya kona, unashusha ya pili, unapita, unapandisha ya tatu turbo ikiwa bado ina pumzi. Kwa mkono mfupi ni kugeuza kifundo tu, bega halihusiki. Nilitamani mlima uongezeke. Lakini foleni ya Kimara jioni ni ya kwanza na ya pili mpaka unafika, na pale ugumu wa gia unauhisi bila kupata faida yoyote. Mke wangu aliendesha mara moja akauliza kama nimefunga gia ya Fuso.

Asubuhi giaboksi ikiwa ya baridi, ya pili inataka ubembeleze. Usiilazimishe. Mkono mfupi unakupa wepesi wa kuingiza gia kabla sinkronaiza, zile pete za ndani ya giaboksi, hazijalinganisha mwendo, na hizo zikiliwa ndipo gia inapoanza kukwaruza. Nilibadilisha oili nikaweka 75W-90 (uzito wa oili) ya GL-5 (daraja la oili ya gia), ugumu ukapungua kiasi. Kumbuka kwenye giaboksi hii oili ni moja na ya difu ya mbele, ndiyo sababu inatakiwa GL-5. Kirungu kizito nacho kinasaidia. Uzi wake ni kipenyo cha milimita 12, na milimita 1.25 kati ya nyuzi, pima kabla hujalipa.

Sauti imeongezeka. Bushi nilizofunga ni ngumu, zinapitisha mngurumo wa giaboksi hadi ndani, hasa ukiachia mafuta kwenye gia ya tatu. Mimi sijali. Anayebeba wazee kwenda Iringa kila mwezi atajali, na huyo namshauri afunge bushi mpya za mpira za kiwandani aishie hapo.

Na wenye STI, Subaru ya mbio ya gia sita, msinunue huu wa gia tano kwa sababu wote ni Subaru. Hauingiliani.